Tehanu na Wasomaji Wake: Maoni Kuhusu Mgogoro wa Ubora wa Kitabu cha Nne cha Earthsea

Mwaka 1990 Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018, alitoa riwaya iitwayo Tehanu. Riwaya hiyo ilikuwa ya nne katika mfululizo wa Earthsea, ambao ulikusudiwa wasomaji vijana. Vitabu vyake vitatu vya mwanzo, yaani A Wizard of Earthsea (1968), The Tombs of Atuan (1971) na The Farthest Shore (1972), vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za fantasia ya watoto katika lugha ya Kiingereza. Kitabu cha tatu kilitunukiwa National Book Award katika kundi la vitabu vya watoto mwaka 1973. Kwa miaka 18 wasomaji waliamini kwamba hadithi imekwisha, na kwamba imekwisha vizuri.

Kitabu cha nne kilipotokea, wasomaji hao waligawanyika, na mgawanyiko wenyewe haujaisha hata leo. Kilipata tuzo ya Nebula ya riwaya bora, na Robin McKinley, ambaye naye ni mwandishi wa fantasia, alikisifu katika gazeti la New York Times mwaka huohuo wa 1990. Upande wa pili walikuwako, na wangaliko, wasomaji wanaokiona kuwa ni kitabu dhaifu kuliko vyote katika mfululizo, na wengine wanaodiriki kusema kwamba ni usaliti. Makala haya yanashika msimamo kwamba Tehanu ni kitabu bora kuliko wanavyokiri wapinzani wake, lakini kina dosari kubwa ambayo watetezi wake wameifunika kwa muda mrefu. Dosari hiyo siyo ile inayolalamikiwa mara nyingi.

Yafaa kwanza ielezwe kwa ufupi kilichomo. Tenar, aliyekuwa kuhani msichana katika kitabu cha pili, sasa ni mjane wa makamo katika kisiwa cha Gont. Alikuwa amepewa nafasi ya kufundishwa sihiri na mzee Ogion, akaikataa, akaolewa na mkulima na kuzaa watoto wawili. Analea mtoto asiye wake, Therru, ambaye watu waliopaswa kumtunza walimbaka, wakampiga na kumsukumia motoni, hata upande mmoja wa uso wake ukaungua na mkono mmoja ukawa kama kucha ya ndege. Kisha Ged, bingwa wa sihiri aliyekuwa shujaa wa vitabu vilivyotangulia, analetwa kisiwani juu ya mgongo wa joka mkuu Kalessin. Hana tena hata chembe ya nguvu zake. Wajumbe wa mfalme wanapokuja kumtafuta, yeye hujificha. Huenda mlimani kuchunga mbuzi. Sehemu kubwa ya riwaya ni kufua, kupika, kukamua mbuzi, kumwogopa mtu anayenyemelea mlango usiku, na kumfundisha mtoto aliyejeruhiwa kwamba bado ana mahali duniani.

Lalamiko la kwanza, na lenye kelele zaidi, linamhusu Ged. Husemwa kwamba mwandishi amemvua shujaa wake heshima: mtu aliyeifukuza kivuli chake hadi mwisho wa bahari, akayasemesha majoka, sasa analia kwa aibu na kumkimbia kijana aliyemsaidia kupata ufalme. Lalamiko hili halina msingi katika matini. Ni katika kitabu cha tatu, wala si cha nne, ambamo Ged anatumia nguvu zake zote kuufunga mlango ulioachwa wazi kati ya uhai na mauti. Kupotea kwa nguvu hizo kumesemwa waziwazi huko. Zaidi ya hapo, kurasa za mwisho za The Farthest Shore zinatoa habari mbili zinazopingana juu ya mwisho wa Ged. Utenzi wa mashujaa unadai alihudhuria kutawazwa kwa mfalme, kisha akajiendea baharini katika mashua yake. Watu wa Gont wanasimulia vingine: kwamba mfalme alikuja kisiwani kumtafuta asimpate, kwa kuwa alikuwa amekwenda peke yake, kwa miguu, msituni mlimani. Mwandishi aliyaacha masimulizi hayo mawili yakae pamoja bila kuamua. Mwaka 1990 aliamua, na aliamua kufuata ya wanakijiji badala ya yale ya utenzi wa kasri. Msomaji anayeona kwamba amesalitiwa aliliamini toleo moja na kulisahau la pili, ingawa yote mawili yalikuwa mbele ya macho yake kwa miaka 18.

Hata hivyo, si haki kuwadhihaki wasomaji hao. Mtu aliyekisoma kitabu cha kwanza mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka kumi, alikuwa na miaka 32 mwaka 1990. Alichokwenda kukitafuta katika Tehanu si Ged pekee bali pia utoto wake mwenyewe, na kitabu kilimpa watu wazima wachovu wenye maumivu ya viungo. Huzuni yake ni ya kweli. Ila huzuni ya msomaji haiwezi kuwa kipimo cha ubora wa kazi. Tena mtoto anayevikuta vitabu vyote vinne rafuni leo huvisoma katika muda wa wiki mbili tatu, na kwake yeye pengo la miaka 18 halipo kabisa. Kwake Ged anafika Gont siku chache tu baada ya kuondoka Roke, kama hadithi inavyosema. Mgogoro huu, basi, tangu mwanzo umekuwa wa watu wazima wakibishana juu ya kitabu cha watoto, na watoto wenyewe hawakuulizwa.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba riwaya inahubiri. Wapinzani wanadai kwamba Le Guin wa 1990 aliweka msimamo wake wa ukombozi wa wanawake mbele, akaiacha hadithi ifuate nyuma kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaufahamu vema mgogoro wa namna hii. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilitokea kazi nyingi ambazo zilisifiwa kwa usahihi wa dhamira zake, na hazikuchukua muda mrefu kabla ya wahakiki kuanza kuuliza fani yake iko wapi. Aidha, mwaka uleule wa 1990 Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona, na wasomaji waliomzoea katika Rosa Mistika (1971) na Gamba la Nyoka (1979) wakashangaa ni mwandishi gani huyu. Mwandishi akibadili njia, msomaji wake wa zamani huhisi amehamishiwa nyumbani kwa mtu mwingine bila kuombwa ruhusa.

Je, Tehanu inahubiri? Kuna mahali inapohubiri. Mazungumzo ya Tenar na Moss, mwanamke wa kijiji mwenye ujuzi wa dawa na hirizi, kuhusu nguvu za wanaume na nguvu za wanawake, yanarefuka kupita mahitaji ya msuko, na katika kurasa chache Tenar anauliza maswali ambayo yanaonekana yametayarishwa mezani kwa mwandishi. Lakini kwa sehemu kubwa hoja ya riwaya inabebwa na matendo madogo, tena kwa ufundi mkubwa. Mfano ulio bora ni wa Spark, mwana wa Tenar. Anarudi kutoka baharini, anadai shamba ambalo kwa sheria ni lake, anakula, kisha anaacha sahani yake mezani. Mama yake anamwambia aioshe. Kijana anaona kuwa hiyo si kazi ya mwanamume. Katika tukio hilo hakuna hotuba yoyote. Msomaji anatazama sahani chafu na kumwona mwanamke aliyewahi kuileta pete ya amani Havnor akigundua kwamba amemlea mtu huyu kwa mikono yake mwenyewe. Anayeita hilo mahubiri ana maana pana mno ya neno hilo.

Hali kadhalika, hoja kwamba itikadi iliingia Earthsea mwaka 1990 haisimami. Vitabu vitatu vya mwanzo vilikuwa na itikadi tele. Roke, chuo cha sihiri, hakikupokea wanawake. Katika kitabu cha kwanza kuna misemo ya watu wa Gont inayofanya sihiri ya wanawake kuwa kipimo cha udhaifu na cha uovu. Wasomaji wengi waliipita misemo hiyo bila kusimama, kama mtu apitavyo jiwe alilolizoea njiani. Perry Nodelman, katika makala aliyochapisha mwaka 1995 katika jarida la Children's Literature, alionyesha jinsi kitabu cha nne kinavyomlazimisha msomaji kuvirudia vile vitatu na kuona ndani yake masuala ya jinsia ambayo awali hayakuonekana kuwa ya jinsia. Mwandishi mwenyewe alilieleza jambo hilo katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1992 na kuchapishwa mwaka 1993 kwa jina la Earthsea Revisioned: alikiri kwamba mapokeo ya hadithi za mashujaa aliyoyarithi yalikuwa mapokeo ya wanaume, na kwamba aliyafuata kabla hajayahoji.

Hapa pana jambo ambalo washiriki wa mgogoro huu hawajalipa uzito unaostahili. Mwaka 1968 Le Guin alifanya mapinduzi mengine ndani ya Earthsea, nayo aliyafanya kimyakimya. Ged ana ngozi ya rangi ya shaba nyeusi. Rafiki yake Vetch ni mweusi. Watu weupe katika ulimwengu ule ni Wakarg, wavamizi wa mashariki, ambao Tenar mwenyewe ni mmoja wao. Kwa fantasia ya Kiingereza ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, na bado wasomaji wengi hawakuliona, wachoraji wa majalada wakamchora Ged mweupe, na filamu ya televisheni iliyotolewa Marekani mwaka 2004 ikampa mwigizaji mweupe, hadi mwandishi akalazimika kupinga hadharani. Mapinduzi yasiyotangazwa yalipokelewa kwa sababu hayakuonekana. Yale ya mwaka 1990 yalionekana, ndipo yakaitwa mahubiri. Yawezekana sana kwamba Le Guin alijifunza kutokana na hayo ya kwanza kuwa msomaji asiyeelezwa waziwazi huendelea kuona alichozoea kukiona.

Lalamiko la tatu husema kwamba Tehanu haifai watoto. Mtoto aliyebakwa na kuunguzwa, hofu ya mwanamke aliye peke yake usiku, mapenzi ya watu wa makamo: haya, husemwa, ni mambo ya riwaya ya watu wazima iliyovishwa jalada la watoto. Katika fasihi ya Kiswahili Rosa Mistika ilikutana na hoja inayokaribiana na hii, na kwa muda ikazuiwa shuleni. Jibu lake si gumu. Ngano zinazosimuliwa watoto jioni zina mazimwi yanayomeza vijiji vizima, mama wa kambo wanaotega mauti katika chakula, na ndugu wanaowazika ndugu zao wakiwa hai. Hakuna bibi aliyezuiwa kuzisimulia. Tofauti ni kwamba katika ngano mkatili amewekwa mbali, ana jicho moja au mkia, ilhali katika Tehanu mkatili ni baba wa mtoto na rafiki za baba, watu wenye sura za kawaida wanaoomba kazi mashambani. Kinachowasumbua wazazi, yaelekea, ni ukaribu wa ukatili huo kuliko ukubwa wake. Le Guin hauonyeshi ukatili wenyewe hata mara moja. Anaonyesha kovu, na namna watu wa kijiji wanavyolikwepa kwa macho, wakiamini moyoni kwamba aliyetendewa vile lazima ana ila. Mtoto msomaji anaelewa jambo hilo vizuri sana, pengine kuliko mzazi wake.

Sasa yafaa kuitazama dosari yenyewe. Katika riwaya ambayo karibu kila mtu anachorwa kwa uvumilivu, hata Handy, mmoja wa watesaji wa Therru, ambaye unyonge wake unatisha kuliko nguvu zake, Aspen, bingwa wa sihiri anayemtumikia bwana wa Re Albi, ni mhusika bapa kabisa. Anawachukia wanawake. Anamchukia Tenar. Anamchukia Ged. Chuki yake haina historia ambayo msomaji anaweza kuigusa, isipokuwa vidokezo vichache vya uhusiano wake na adui aliyeshindwa katika kitabu cha tatu. Riwaya imetumia kurasa nyingi kuonyesha kwamba ubaya hukaa jikoni, katika sheria za urithi, katika sahani isiyooshwa, katika wema wa watu wasiotaka kutazama. Kisha katika sura ya mwisho inautoa ubaya huo jikoni na kuukabidhi kwa mchawi mmoja mwovu aliyesimama juu ya jabali, anayemburura Tenar kama mbwa kwa nguvu ya maneno. Joka linashuka, linamteketeza yeye na watu wake, na tatizo linakwisha kwa dakika moja. Wanaume wengine wote wa Gont wanabaki kama walivyokuwa, lakini msomaji ameshushiwa mzigo.

Watetezi wa riwaya hujibu kwamba joka hilo lilitayarishwa. Ni kweli, na tena lilitayarishwa kwa uzuri. Kuna kisa cha mwanamke wa Kemay, kinachosema kwamba watu na majoka walikuwa hapo kale jamii moja. Kuna kipepeo cha mkono katika nyumba ya mfumaji, kilichochorwa watu upande mmoja na majoka upande wa pili, ambacho kikishikwa mbele ya mwanga picha mbili huwa moja. Na katika sura ya mwisho nukta ya usimulizi inahamia kwa Therru mwenyewe, hata mtoto aliyetazamwa na kila mtu anakuwa ndiye anayetazama. Hiyo ni hatua ya kiufundi inayostahili sifa zote ilizopata. Mtoto kuitwa kwa jina lake la kweli, Tehanu, na joka linalomtambua kuwa ni wake, ni kilele ambacho kitabu kimekistahili. Lakini kumtayarisha mwokozi ni jambo moja na kumtayarisha adui ni jambo jingine. Kalessin ana mizizi katika riwaya nzima, Aspen hana. Wahakiki wanaokitetea kitabu kwa sababu dhamira yake ni ya haki wamekiogopa kipengele hiki, kana kwamba kukiri udhaifu wa mhusika mmoja ni kuwapa ushindi wale wanaolia juu ya heshima ya Ged. Kwa kufanya hivyo wamewaachia wapinzani hoja pekee yenye nguvu, ingawa wapinzani wenyewe, kwa bahati, hawaitumii mara kwa mara.

Mwaka 2001 Le Guin alitoa vitabu viwili zaidi vya Earthsea, Tales from Earthsea na The Other Wind, na kwa hiyo kauli kwamba Tehanu ni kitabu cha mwisho ikabatilika. Baadhi ya wasomaji wamevipokea vitabu hivyo kama uponyaji wa kile cha nne: vimeeleza Roke ilianzishwa vipi, na wanawake walifungiwaje mlango ambao wao wenyewe walisaidia kuujenga. Uamuzi huo unafaa kutiliwa shaka. Maelezo ya kihistoria yanayokuja miaka 11 baadaye yanaweza kuifanya Earthsea ieleweke vizuri zaidi, bali hayawezi kumpa Aspen nyama na damu katika riwaya ambamo anahitajika.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili mgogoro huu una upande mwingine, ambao ungejitokeza papo hapo iwapo mtu angejaribu kuitafsiri Tehanu. Kiingereza cha Le Guin kina majina mawili ya watu wa sihiri. Moja ni la mwanamume aliyesoma Roke, mwenye fimbo na heshima. Jingine ni la mwanamke wa kijiji kama Moss, anayezalisha, kutibu ndui na kuuza hirizi. Tofauti ya majina hayo mawili ni tofauti ya jinsia na ya tabaka kwa pamoja, na riwaya nzima imesimama juu yake. Kiswahili hakigawi hivyo. Kina mganga na mchawi, nayo ni maneno yasiyobagua mwanamume na mwanamke. Mpaka wake ni wa wema na uovu, wa kuponya na kuua. Neno sihiri lililotumiwa katika makala haya ni njia ya kukwepa tu. Mtafsiri akimwita Ged mganga na Moss mchawi, atakuwa ameuthibitisha ule msemo wa Gont ambao Tenar anaupinga. Akiwaita wote wawili waganga, atakuwa amempa Moss usawa ambao mwandishi alikusudia msomaji aone kwamba amenyimwa. Vivyo hivyo kiambishi cha nafsi ya tatu hakisemi kama anayenena ni mwanamke au mwanamume, na swali la wakuu wa Roke, nani atawarithi ikiwa ishara waliyopewa inaelekeza kwa mwanamke wa Gont, lingepoteza sehemu ya mshtuko wake. Mtafsiri angelazimika kuijenga upya ngazi hiyo kwa njia nyingine: kwa namna watu wanavyoamkiana, kwa nani anaitwa bwana na nani anaitwa kwa jina tu, kwa nani anakaribishwa kitini na nani anaachwa asimame mlangoni.